Sura ya Saba: Ganda Lililong'arishwa Mno

Basi la Chala lilikuwa limeshatoka stendi, dereva anabadili gia, pale Sajenti Hellena Kauzeni alipoingia katikati ya barabara na kuinua mkono. Dereva alikanyaga breki huku anatukana, akaona sare, akameza nusu ya tusi iliyobaki.

"Namtaka abiria wako mmoja," Sajenti alisema. "Sikucheleweshi."

Lucia alikuwa kiti cha nyuma ya dereva, kichwa cha cherehani amekipakata, amekifunga kwa kitenge. Hakuonyesha kushangaa. Alishuka nacho, akakiweka juu ya kiroba chake cha nguo pembeni mwa barabara, akaupa mgongo upepo. Mwezi wa sita upepo wa Sumbawanga unapita kwenye sweta kama haulioni.

"Afande, kama unanikamata, nikamate. Kama hunikamati, basi linaniacha."

"Kesho asubuhi mumeo anapelekwa mahakamani kwa kosa la kujaribu kuua. Wewe leo unahama."

"Nahama, ndiyo."

"Hata chai hujampelekea."

"Chai apelekewe na hao wanaomwona dume."

Habari yenyewe mji mzima ulikuwa nayo. Jumatano jioni Clemens, mfanyabiashara wa mahindi, alipigwa risasi ya shotigani dirishani kwake, Pito. Marisau, zile chembe zinazotawanyika, zilimpasua bega la kulia. Hakufa. Alhamisi asubuhi Benjamini, fundi wa mtaa wa Chanji anayechomelea mageti na ambaye pia, kwa siri isiyokuwa siri, hujaza upya maganda ya risasi, alikuja kituoni kwa miguu yake akasema, ni mimi. Sababu? Clemens anatembea na mke wangu Lucia. Faili likawa jembamba, na mkubwa wa upelelezi akalipenda hivyo hivyo.

Sajenti Hellena hakulipenda. Chini ya dirisha la Clemens, kwenye nyasi, aliokota ganda moja la shaba ya njano. Ganda lililopigwa huwa na moshi na michirizi myeusi. Hili, ukiacha masizi ya mlipuko mmoja mdomoni, lilikuwa linang'aa kama pete ya askofu. Mtu alikuwa amelihangaikia kabla halijajazwa.

"Nijibu moja tu," alimwambia Lucia. "Jumatano jioni Benjamini alikuwa wapi?"

Lucia alicheka kwa puani. "Benjamini anakuwa wapi kila jioni? Nyuma yangu. Nikienda bombani, yuko nyuma. Nikienda sokoni, yuko nyuma. Jumatano tulikuwa na mazoezi ya kwaya. Alisimama nje ya dirisha la ukumbi tangu wimbo wa kwanza mpaka sala ya kufunga, uso kaubana kwenye nondo kama mbuzi zizini. Sauti ya pili nzima ilimwona. Walicheka mpaka mwalimu akagomba."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza hilo? Mlikuja watatu nyumbani kwangu, mkaniuliza nimelala na Clemens mara ngapi."

"Na umelala naye?"

"Namshonea midomo ya magunia. Analeta, nashona, anachukua. Benjamini anakaa mlangoni anakagua mishono."

"Sasa kwa nini anasema amempiga?"

"Kamuulize yeye. Mimi nimeapa kwa kila mtakatifu kwamba sina mtu, hakuniamini. Safari hii amekwenda kuapa polisi kwamba ninaye. Mbele ya watu wenye bunduki na mihuri. Nirudi nikalale naye kitanda kimoja?"

Dereva alipiga honi. Sajenti alimsaidia kubeba cherehani mpaka mlangoni, akachukua namba ya simu ya wazazi wake kule Chala, akaliachia basi.

Koplo Mayunga, Msukuma wa Maswa, alikuwa kando amekalia pikipiki ya kituo. "Afande, na mimi kwa mwanamke yule ningesimama dirishani."

"Wewe ungesimama, halafu ungesinzia. Washa, twende."

*

Benjamini alitolewa mahabusu akiwa peku, koti amelifunga mpaka kooni. Mtu mrefu, vidole vimebabuka kwa cheche. Sajenti alipanga maganda manne mezani. Matatu yalitoka kwenye karakana yake. La nne ndilo la Pito.

"Lipi lako?"

"Yote."

"Unayasafishaje?"

Hapo alichangamka, kwa sababu fundi ni fundi hata akiwa mahabusu. "Naichokoa fataki iliyokwisha kulipuka, ile ya kitakoni. Naosha masizi kwa maji moto na sabuni. Halafu nayalaza kwenye maji ya malimao ya Kirando mpaka asubuhi. Ukiyatoa, alama ya moshi huioni hata kwa miwani."

"Mpaka asubuhi. Huyatoi mapema?"

"Mimi sifanyi kazi nusu."

Sajenti aliyasogeza maganda kwenye mwanga. "Tazama rangi."

Matatu yalikuwa mekundumekundu, rangi ya ufizi. La nne lilikuwa la njano safi. Tangu Alhamisi, kwenye dirisha la ofisi, Sajenti alikuwa ameloweka maganda mabovu ya ghalani katika bilauri, moja la sabuni tupu, moja la siki, moja la limau. La sabuni lilibaki na moshi. La siki lilifanya madoa. La limau, baada ya kulala humo, lilitoka na wekundu ule ule wa Benjamini, kwa kuwa ukali ukizidi unaila njano ya shaba. Hakuna bilauri iliyotoa rangi ya ganda la Pito.

"Hilo nililitoa mapema," Benjamini alisema.

"Umesema hufanyi kazi nusu."



Sajenti aligeuza ganda la njano, akalikung'uta juu ya karatasi nyeupe. Vikadondoka vijigamba vidogo vya kahawia, vyepesi hata pumzi yake ilivisogeza. "Makapi ya ulezi. Yalikuwa yamenata ndani, kwenye kona ya kitako. Mayunga amefagia karakana yako yote. Kuna unga wa chuma, vipande vya nondo, kuku mmoja anayetaga kwenye debe la rangi. Ulezi hakuna."

"Upepo."

"Upepo uliingia ndani ya ganda ukayabandika?"

"Afande, nimekiri. Unataka nini zaidi?"

"Jumatano jioni ulikuwa dirishani kwa wanakwaya."

"Nani kasema?"

"Mkeo."

"Yuko wapi?"

"Kwenye basi, anakwenda kwao Chala."

Benjamini alisimama nusu. "Kakaa na nani kiti kimoja?"

Mayunga aligeukia ukuta, mabega yakawa yanamtikisika. Sajenti alisubiri mpaka Benjamini akakaa mwenyewe.

"Kwa kosa la kujaribu kuua, jaji anaweza kukufunga maisha," alisema. "Unalijua hilo?"

"Najua." Benjamini alikuna vidole vyake vya cheche. "Sikiliza, dada yangu. Chanji wote wananicheka. Nikipita kijiweni vijana wananiuliza, vipi fundi, magunia yameshashonwa? Alhamisi asubuhi nikasikia Clemens kapigwa. Nikapita kijiwe kile kile. Hakucheka mtu. Mmoja akasogea, akanipisha nikae kwenye benchi. Unanielewa? Akanipisha."

"Ukaja kukiri kwa ajili ya benchi."

"Nilikuja kuchukua kilicho changu. Ile kazi ilikuwa yangu. Mimi ndiye mwenye mke. Mtu mwingine kaenda kuifanya, na mimi nimesimama dirishani nasikiliza nyimbo."

"Mtu mwingine nani?"

"Simtaji. Nikimtaja, nimempa ile kazi."

"Lakini ulimjazia wewe."

Alilitazama lile ganda la njano kwa muda mrefu, kama mtu anavyomtazama jirani aliyejenga nyumba ya bati jipya. "Baruti ni yangu. Marisau ni yangu. Kusafisha siyo kwangu. Yaliletwa yameshasafishwa." Akalisukuma kwa ukucha. "Yalikuwa yanayashinda yangu. Nikauliza umetumia nini, nikajibiwa, wewe jaza tu."

Mayunga alimpa sigara, akaichomeka nyuma ya sikio, akainuka mwenyewe kurudi mahabusu.

*

Misa ya pili ya Jumapili ile ilikuwa imetoka. Wanawake walikuwa wamesimama juani mbele ya kanisa, vitenge mabegani juu ya masweta. Sajenti alimfuata mama mnene mwenye rozari shingoni. Huyu ndiye Klementina, mkubwa wa wanawake wanaofanya usafi wa kanisa, na kwenye kwaya ni sauti ya pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo kanisani na bunduki?"

"Sina bunduki mama, nina swali. Benjamini fundi, Jumatano jioni, mlimwona?"

"Kumwona? Tulimwimbia!" Klementina alipiga makofi. "Dirishani, kaganda na baridi ile, kamasi zinamtoka. Nikamwambia, baba ingia basi uimbe besi. Akasema anapunga upepo. Kumbe kesho yake anakwenda kusema amepiga mtu! Tukasema labda ana pacha."

"Na hamkuja kutuambia."

"Polisi unaenda mwenyewe? Ukienda mwenyewe hawakurudishi."

Mayunga aliandika jina lake na la wanakwaya wengine wawili. Sajenti aliomba kuingia sakristia, chumba cha vyombo vya misa. Alikulia kwenye parokia kama hii. Alijua kwamba Jumamosi wanawake hupeana zamu ya kusugua vinara vya mishumaa, na kwamba huku Ufipa hawanunui dawa ya dukani. Wanatumia machicha ya pombe ya ulezi. Yakichacha vizuri, unayapaka kwenye shaba, unaacha kidogo, unasuuza. Ukali wake ni wa upole, masizi ya mishumaa yanatoka na njano inabaki. Jambo hilo alilikumbuka njiani kutoka mahabusu, akajilaumu kwamba alijaza bilauri tatu na ya nne hakuifikiria.

Vinara sita vilikuwa juu ya kabati. Vinne vilikuwa safi. Viwili vilikuwa vinang'aa kama vinawaka. Sajenti alitoa ganda kwenye bahasha, akaliweka katikati ya vile viwili. Ukisimama mlangoni ungedhani vimetoka kiwanda kimoja.

"Hivi viwili kasafisha nani, mama?"

Klementina alivuta mdomo pembeni. "Anajijua mwenyewe. Cornelia. Mama Oswaldi wa Pito."

"Amewazidi."

"Ametuzidi nini? Machicha ni yale yale, na mengine anakuja kuomba kwangu! Ila yeye akishasuuza, eti lazima akifukie kinara kwenye kiroba cha makapi ya ulezi, akitikise, akitikise, kama anabembeleza mtoto. Makapi yanasugua. Sisi wengine tunafuta kwa kitambaa, tuna watoto wa kulisha. Padri akapita akasema, oo, hivi vya nani? Vya Cornelia! Vya Cornelia! Vya kwetu ni vyungu?"

"Anaishi na nani?"

"Peke yake. Mwanawe Oswaldi yuko Mbeya. Mume alikuwa Timoth, yule mwindaji, Mungu amrehemu. Na saa hizi asingekuwa mjane tena." Klementina alishusha sauti, ingawa sakristia ilikuwa tupu. "Clemens huyu huyu wa mahindi. Kila Jumapili yuko kwa Cornelia, anakunywa bila kutoa kitu. Cornelia anamshonea magunia kwa mkono, kwa shazia, ile sindano kubwa, mpaka vidole vinatoka damu. Tulishaanza kuulizana kitenge cha harusi. Halafu mwanamume akagundua Lucia ana cherehani. Magunia yakahama. Na yeye akahama na magunia."

"Cornelia anaimba kwaya?"

"Sauti ya kwanza, tena anaivuta. Jumatano hakuja. Alisema ana pombe jikoni."

Nje, Sajenti alimtuma Mayunga apige simu ghala la silaha la kituo. Timoth alikuwa na shotigani yenye kibali, mji mzima ulijua, na mwenye kibali akifa silaha hurudishwa polisi. Mayunga alirudi anatikisa kichwa. "Haijawahi kuletwa, afande. Mjane alisema kwamba mashemeji zake wa Kirando wameichukua, wataileta wao."

Sajenti alipiga simu Kirando mwenyewe. Sebastiani, mdogo wake Timoth, aliitika kwa sauti ya mtu aliye kwenye upepo wa ziwa.

"Bunduki ya kaka? Si mnayo nyie?"

"Nani alikuambia?"

"Shemeji Cornelia. Siku tunaondoa msiba alisema polisi wamekuja kuibeba. Iliniuma sana, afande, maana kaka aliniahidi mimi."

Sajenti alikata simu, akavaa kofia. "Kila upande kaambiwa iko upande wa pili," alimwambia Mayunga. "Twende Pito."

*

Cornelia alikuwa jikoni anakoroga, mkono mrefu, kilemba cheupe. Nyumba ilikuwa imefagiwa mpaka udongo unaonyesha mistari ya ufagio.

"Karibuni. Pombe bado changa."

"Shikamoo mama Oswaldi. Hatukuja kunywa. Naomba kiroba chako cha makapi ya ulezi."

"Makapi? Umeanza kufuga kuku?"

"Nionyeshe tu, mama."

Kilikuwa nyuma ya mlango, kimefungwa kwa kamba. Mayunga alikimwaga juu ya mkeka. Vumbi la kahawia lilipanda, akapiga chafya mbili. Katikati ya makapi kukatoka kinara kifupi cha altareni, kisha mfuniko wa chetezo, kisha ganda la shotigani, la njano, linang'aa, bado halijajazwa.

Cornelia hakuacha kukoroga.

"Bunduki iko wapi, mama?"

"Kwenye kihenge. Chini ya ulezi." Aligonga mwiko kwenye ukingo wa chungu. "Mtoe taratibu, msinimwagie."

Mayunga alitoka. Sajenti alivuta kigoda, akakaa karibu na moto. "Nieleze."

"Sikwenda kuua. Nilikwenda kuangalia kama Lucia yumo."

"Na bunduki ya nini?"

"Kama angekuwemo."

"Lucia alikuwa kwaya."

"Sasa najua. Jumatano sikujua. Nilifika dirishani, pazia limefungwa, namsikia Clemens anacheka. Anacheka, ananyamaza, anacheka tena. Jumapili zote alizokaa kwangu, hapo hapo ulipokaa wewe, hajawahi kucheka namna ile. Anakunywa, anafuta mdomo, anasema ahsante. Nikajua Lucia yumo. Ningemlenga yeye, lakini kivuli kilichokuja kwenye pazia ni cha mwanamume, nikafyatua hivyo hivyo."

"Alikuwa anaongea na simu," Sajenti alisema. "Tumeikagua. Alikuwa anaongea na mnunuzi wa mahindi wa Tunduma."

Mwiko ulisimama. "Wa kike?"

"Mzee wa kiume. Ana wajukuu."

Cornelia alikaa chini, palepale kwenye majivu. Povu la chungu likaanza kupanda, Sajenti akauvuta ukuni mmoja nje.

"Ganda mbona uliliacha?"

"Nilifungua bunduki niweke la pili. Mbwa akabweka, lile tupu likaniponyoka. Ningeliona ningelichukua. Nililihangaikia sana lile."

"Kwa nini ulihangaika hivyo? Ni ganda tu."

"Timoth alikuwa anasema ganda chafu linakwama kwenye mtutu. Ni mimi niliyekuwa namsafishia yote. Na mimi kitu hakitoki mkononi mwangu kina doa, waulize kanisani."

"Benjamini alijua ni la kazi gani?"

"Nilimwambia nyani wanamaliza mahindi yangu. Alipojua, alikuwa ameshakuja kwenu." Sasa ndiyo sauti yake ilipanda. "Na nyie mkamkubali! Eti Clemens kapigwa kwa ajili ya Lucia. Nimekwenda sokoni Ijumaa, Lucia. Nimekwenda kusaga, Lucia. Wanaume wanapigana bunduki kwa ajili ya Lucia! Mimi ndiye niliyesimama na baridi. Mimi ndiye niliyempenda mtu yule. Hata risasi yangu mkampa Lucia."

Mayunga aliingia ameibeba shotigani, ulezi unamwagika kutoka kwenye mtutu kama maji.

"Andika hivyo, mwanangu," Cornelia alimwambia Sajenti. "Andika jina langu."

Aliomba aepue chungu kwanza. Akakiepua, akanawa majivu mikononi, akabadili kilemba. Kisha akatoka mbele yao.

*

Cornelia alikiri mahakamani kama alivyokiri jikoni, akafungwa miaka kumi na miwili. Oswaldi alikuja kutoka Mbeya, akauza nyumba ya Pito, na humtembelea mama yake Krismasi.

Clemens alitoka hospitali, mkono wa kulia haupandi juu ya bega. Aliacha mahindi, akaenda kuoa kule Laela, akafungua duka la pembejeo. Hakufika mahakamani isipokuwa siku aliyoitwa.

Shotigani iliteketezwa pamoja na magobore yaliyokusanywa mwaka ule. Sebastiani aliandika barua mbili kuiomba, hakujibiwa.

Klementina anaongoza usafi wa kanisa. Mayunga alihamishiwa Geita. Sajenti Hellena hakupandishwa cheo. Mkubwa wa upelelezi alikuwa ameshatuma taarifa mkoani kwamba mtuhumiwa amekiri, ikambidi kutuma nyingine.

Benjamini alifutiwa shitaka la kujaribu kuua, akafungwa mwaka mmoja kwa kujaza risasi bila kibali. Siku alipotoka alipita kijiweni Chanji, vijana wakamwuliza kama bado anaimba kwaya. Wiki ile ile aliuza mashine ya kuchomelea. Amepanga chumba Chala, ng'ambo ya barabara kutoka nyumba ya wakwe zake, na mchana hukaa kibarazani.

Lucia anashona magunia. Ameigeuza cherehani, anakaa mgongo kwa barabara.